Ng'ombe Asivuliwe Ritifaa

Muhula huu klabu yetu italazimika kuamua jambo ambalo kwa juu juu linaonekana la mafundi wa kompyuta tu. Benki ya maneno tuliyorithi kwa wanafunzi waliotutangulia, ile ambayo kila mwaka tunaingiza maneno tuliyoyachukua kwa bibi na babu zetu wa Mombasa, Unguja, Goma na Maskati, haiwezi kumeza neno lenye ng'. Ukitafuta "mbuzi" unapata jibu. Ukitafuta "ng'ombe" unaambiwa kuna hitilafu. Mapendekezo mawili yako mezani. La kwanza linataka tuwaombe wachangiaji waandike bila ritifaa, "ngombe", mambo yaishe. La pili linataka maswali yote yanayokwenda kwenye hifadhidata yaandikwe upya, yawe sehemu ya msimbo wa programu badala ya vipande vya maandishi vilivyobandikwa pamoja. Sisi tuko upande wa pendekezo la pili, na tunawaomba hata wenzetu ambao hawajawahi kuandika mstari mmoja wa programu watusikilize, maana linawahusu.

Hifadhidata nyingi huulizwa kwa lugha iitwayo SQL. Ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, kule California, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na walikusudia iweze kusomwa hata na asiye mtaalamu. Swali la benki yetu huwa hivi:

SELECT maana FROM maneno WHERE neno = 'mbuzi'

Yaani: nipe maana kutoka jedwali la maneno, pale ambapo neno ni mbuzi. Zile alama mbili zinaiambia mashine neno linaanzia wapi na linaishia wapi. Programu yetu ya zamani hulitengeneza swali hilo kwa kubandika: kipande cha mbele, kisha neno aliloandika mtafutaji, kisha kipande cha nyuma. Sasa mweke ng'ombe hapo katikati. Mashine inasoma "ng", inaona alama ya kufunga, inadhani neno limekwisha, halafu inakutana na "ombe" inaning'inia nje na haijui ni kitu gani.

Hapo ndipo watu wanaposema ritifaa ndiyo yenye kosa. Sivyo. Kosa ni kwamba neno la mtu limechanganywa na amri ya mashine, na mashine haina njia ya kuvitenganisha. Pengo hilohilo linalomwangusha ng'ombe wetu ndilo wanalopitia wezi: badala ya neno, mtu anaandika amri, na hifadhidata inaitii. Kasoro hii imejulikana hadharani tangu mwaka 1998. Hapa Uingereza, Oktoba 2015, kampuni ya simu ya TalkTalk iliingiliwa kwa njia hiyo, taarifa za wateja wapatao 157,000 zikachukuliwa, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya pauni 400,000. Sisi hatuhifadhi namba za akaunti za mtu yeyote. Tunahifadhi majina ya wazee, vijiji vyao na sauti zao, na tuliwaahidi kwamba vitakuwa salama.

Kwa hiyo pendekezo la kwanza, hata kama lingekuwa zuri kwa lugha, lisingeziba pengo. Na kwa lugha si zuri hata kidogo. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa, au wivu. Ondoa ritifaa na maneno mawili yamekuwa moja. Murang'a na Lang'ata zinabaki bila sauti yake, na Ng'ambo ya Unguja vilevile. Neno ng'atuka, ambalo Watanzania wengi walilizoea Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, linakuwa kitu ambacho hakuna aliyewahi kukitamka. Sisi wenyewe tunaitwa watu wa ng'ambo! Mwenzetu mmoja ana jina la ukoo lenye ritifaa mbili. Fomu fulani ya hapa ilimjibu kwamba jina lake lina "herufi zisizokubalika", akalipunguza, na sasa kitambulisho chake kinamwita mtu mwingine. Hilo amelizoea kwa wageni. Hatuoni kwa nini akutane nalo kwenye klabu ya Kiswahili.

Wapo wanaosema kuna njia fupi kuliko zote mbili: yaacheni maswali ya SQL yalivyo, ila mahali pa neno muache nafasi tupu, na neno litumwe kando. Hii ni hoja ya kweli. Swali likiwa na nafasi tupu, mashine hupokea amri peke yake na neno peke yake, na ng'ombe anapita salama. Kama klabu ingekuwa na ukurasa mmoja wa kutafutia, tungekubali na kwenda kunywa chai.

Lakini kuna jambo ambalo nafasi tupu hailitatui, nalo ni la Kiswahili hasa. Baadhi ya simu, ukigusa ritifaa, huandika ile iliyopinda, ’, badala ya ile iliyonyooka, '. Kwa macho ni ileile. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Anayetafuta ng’ombe kwa simu hatampata ng'ombe aliyeingizwa kwa kompyuta, na hatapata hitilafu pia. Ataambiwa tu neno halipo, aamini. Dawa yake ni kunyoosha kila ritifaa kabla ya kuuliza na kabla ya kuhifadhi. Kwa maswali ya maandishi, kila mwandishi wa kila ukurasa lazima akumbuke kufanya hivyo, na klabu hii hubadilisha waandishi kila mwaka. Kwa msimbo, tunasema mara moja tu, pale tunapoeleza safu ya "neno" ni ya aina gani, kwamba chochote kinachoingia humo kinanyooshwa kwanza. Baada ya hapo swali lolote linalogusa safu hiyo linafuata. Kwa kutumia SQLAlchemy, zana ya lugha ya Python iliyoanza kutolewa mwaka 2006, swali letu linakuwa:

select(Neno.maana).where(Neno.neno == tafuta)

Hakuna alama za kufungua wala kufunga. Mtu akitaka pia kuchuja kwa mahali, au kwa ngeli, tunaongeza sharti jingine mwishoni bila kuhangaika ni wapi pa kubandika AND. Na siku tukiamua safu ya "maana" iitwe "fasili", kihariri cha msimbo kitatupigia mstari palipobaki jina la zamani, kama sikio la mwalimu linavyoshtuka likisikia "kitabu wangu". Swali la maandishi hukaa kimya hadi mtu afungue ukurasa ule.

Gharama zipo. Zana hizi huficha SQL, na anayezitumia kwa upofu anaweza kuomba orodha ya maneno 200 pamoja na wasemaji wake, zana ikatuma maswali 201 pale ambapo moja lingetosha. Ndiyo maana tunataka kila atakayegusa msimbo ajifunze kusoma SQL kwanza, na zana iwekwe ichapishe kila swali inalotuma wakati wa majaribio. Ripoti ya mwisho wa mwaka, yenye mahesabu mazito, ibaki SQL ya mkono, yenye nafasi tupu. Hatuna dini katika jambo hili.

Mkutano mkuu ukikubali, tutaanza na ukurasa wa kutafutia na fomu ya wachangiaji. Kutabaki kazi moja ambayo msimbo hauiwezi. Wachangiaji wengi walishakata tamaa na fomu, wakaingiza maneno yao bila ritifaa. Mashine haijui kama "ngoa" iliyoandikwa pale ni tamaa au ni mzizi unaotolewa. Rekodi za sauti zinajua. Tunatafuta wanachama watakaokaa wawili wawili kuzisikiliza, na tungependa katika kila kikao awepo mwalimu mmoja, kwa zile rekodi ambazo bibi anazungumza huku mtoto analia na kettle inachemka.