Talanta Haifukiwi



Mwaka 1952, mji wetu wa Likasi ulipokuwa bado ukiitwa Jadotville, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi gitaa la Jean Bosco Mwenda. Katika wimbo wake «Masanga», kidole gumba chashika nyuzi nene, kidole cha shahada chaimbisha nyuzi nyembamba, na kila kimoja chafuata njia yake pasipo kugongana. Wengi wamsikiapo husema: «Alizaliwa na kipaji.» Neno hilo, likisemwa kwa haraka, huwafungia wengine mlango.

Tutazame jinsi Muumba alivyoutengeneza mwili. Upande wa kushoto wa ubongo huuamuru mkono wa kuume, na wa kuume huuamuru wa kushoto. Chini kisogoni hukaa ubongo mdogo, uitwao serebelamu, wenye zaidi ya nusu ya seli za neva za ubongo wote. Huo hulinganisha mwendo uliokusudiwa na mwendo uliotendeka, kisha husahihisha tofauti. Kwa hiyo kidole kikikosa uzi, kosa lenyewe ni sehemu ya somo. Mazoezi yakirudiwa, njia za neva huimarika, hata tendo lililodai fikira zote latendeka bila kufikiriwa, nao moyo wabaki huru kusali. Usingizi nao huyakaza yaliyozoezwa mchana.

Lakini haraka yenye makosa, ikirudiwa, hukazwa vilevile. Ndiyo sababu twahimiza kuanza polepole, kidogo kila siku, kuliko saa nyingi za Jumamosi peke yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba hata fadhila za kiutu hupatikana kwa matendo yanayorudiwa.

Hivyo hatukubaliani na desturi ya vikundi kadhaa: gitaa na ngoma huachwa mikononi mwa wawili watatu, na wengine, baada ya majaribio mawili, huambiwa hawana kipaji. Ni kweli watu hawalingani. Katika mfano wa Bwana mmoja alipewa talanta tano, mwingine moja. Ila hakulaumiwa kwa kupewa moja, bali kwa kuifukia. Kiongozi amnyimaye mwanafunzi gitaa amsaidia kuchimba shimo.

Viongozi wa kwaya, twawaomba: baada ya kila mazoezi tengeni robo saa, wanaoanza washike vyombo. Nanyi mnaoanza, msione haya kupiga polepole mbele ya wenzenu.