Waraka kwa wanakikundi: mikopo yetu na biashara ya mtandao

Ndugu wanakikundi,

Kwanza nawashukuru kwa marejesho ya mwezi huu. Hata mfuko wa jamii umekaa vizuri. Ninaloandika leo linahusu fomu za mkopo. Tangu tufungue mzunguko huu, fomu zinazoandikwa "mtaji wa biashara", kumbe ni kiingilio cha biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuingiza watu chini yako, zimekuwa nyingi. Kamati imeniomba niwaandikie kabla hatujafungua tena kisanduku. Sitataja kampuni yoyote ya hapa kwetu, maana nikitaja moja mtaniambia nyingine ni nzuri.

Wanaojiunga huko si wavivu. Ni wale wale wanaoamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Ndiyo maana linaniuma neno wanaloambiwa wakikwama: "hujajituma." Mtu kazunguka na makopo ya virutubisho kutoka Mbagala mpaka Tegeta, kalipia semina hotelini, kamaliza bando kwa kurusha picha za sabuni kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwenye arobaini ya msiba kaenda na vipeperushi (hilo nalo tulizungumze siku moja). Halafu aliyemwingiza anamwambia tatizo ni juhudi. Juhudi ipo. Tatizo ni kwamba malipo ya huko hayafuati juhudi, yanafuata mahali uliposimama kwenye mstari.

Ile michoro ya miduara kila mmoja wetu ameshachorewa. Unaingiza watu 6, kila mmoja anaingiza 6, nao 6 wengine. Mchoraji huishia ngazi ya nne, kwa watu 1,296, anapiga hesabu ya kamisheni, anafunika kalamu. Sisi tuendelee pale alipoachia. Ngazi ya saba ni watu 279,936. Ya nane ni 1,679,616. Ya kumi ni 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchi nzima, vichanga na wazee wasiotoka kitandani wakiwemo. Maana yake ngazi ya kumi peke yake inataka karibu kila mtu Tanzania awe muuzaji wa dawa ya meno. Mnunuzi atatoka wapi, sijui.

Haifiki huko, bila shaka. Inakatika njiani mtaa ukishajaa. Lakini popote inapokatika, tazameni walioko chini. Simamisha mchoro ngazi ya tatu, ya tano au ya saba, jibu ni lile lile: takribani watu watano kati ya sita wako ngazi ya mwisho na hawana hata mtu mmoja chini yao. Sasa tuseme wote hao wakajituma sawasawa, wasilale. Bado watano kati ya sita watakuwa chini. Juhudi inaweza kubadilisha nani awe chini na nani apande. Idadi ya walioko chini haiigusi.

Wenzetu wanaokaanga vitumbua wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Mteja akisifia kitumbua chako unampa kingine, humkabidhi karai na kumwambia naye akaange mlango wa pili. Kule kwenye mtandao ndiyo kazi unayotumwa: kila mteja mzuri mgeuze muuzaji. Ukifanikiwa, umepoteza mteja na umepata mshindani mtaa ule ule.

Kuna na habari ya pointi. Ili uhesabiwe hai kila mwezi, na ili kamisheni yako isipotee, sharti upitishe manunuzi ya kiasi fulani. Mwezi ukiwa mbaya, mtu ananunua mwenyewe ajaze pointi, na makopo yanaingia uvunguni. Mwenzetu mmoja, kwa ruhusa yake nasema, alitufungulia daftari lake kikaoni: upande wa mauzo, majina mengi yalikuwa ya kwake na ya dada yake. Bidhaa yenyewe ni ghali kuliko ya dukani kwa Mangi, kwa sababu bei imebeba fungu la kila aliye juu, hata wa juu kabisa ambaye hamjapata kuonana.

Mtaniambia kuna waliofanikiwa, mbona yule ana gari. Wapo. Muulizeni fedha ya gari ilitokana na sabuni aliyouza yeye au na watu walioko chini yake, na hao wa chini hali zao zikoje. Marekani, ambako biashara hii ina miaka mingi, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitoa ripoti mwaka 2024 baada ya kupitia taarifa za mapato za kampuni 70, taarifa zilizoandikwa na kampuni zenyewe. Washiriki wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama. Nauli, bando na semina havijakatwa hapo. Miaka minane kabla yake tume hiyo hiyo iliibana kampuni ya Herbalife, nayo ya biashara ya mtandao, ilipe dola milioni 200 za fidia na ibadilishe namna ya kulipa, ili malipo yafuate mauzo kwa walaji halisi.

Wakongwe wa kikundi mnaikumbuka DECI, ule mchezo wa upatu. Watu walipanda "mbegu", na mwaka 2009 Serikali ikaingilia kati, wengi wakiwa bado wanangoja kuvuna. Ile haikuuza hata kiberiti. Hizi za sasa zina bidhaa, na nyingine zina cheti cha usajili cha BRELA ukutani. Cheti kinasema kampuni ipo. Hakisemi wewe utapata faida.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Mkopo wa kununua pakiji ya kujiunga hautatolewa tena. Anayeuza bidhaa hizo rejareja, kwa watu wanaozitumia na wasio kwenye mtandao wake, huyo ni mfanyabiashara kama mwingine. Alete daftari la miezi mitatu lenye wanunuzi, nasi tutamsikiliza. Wadhamini, msisaini kwa kuoneana haya. Deni likilala, ni hisa zenu zinazokatwa.

Aliyekwishaingia na amekwama, asijifiche wala asiache kuja vikaoni. Aje kwa mweka hazina tumpangie upya marejesho, na hakuna atakayechekwa. Kama mkataba wako una kipengele cha kurudisha bidhaa ambazo hazijafunguliwa, soma siku zake leo hii, kisha andika barua. Simu haitoshi.

La mwisho, wageni wa "kutushirikisha fursa" wasiletwe tena siku ya marejesho. Aliyemleta yule wa mwezi jana anajijua. Chai na chapati za mgeni wake tumeziandika kwenye jina lake, na zitalipwa Jumamosi pamoja na faini ya kuchelewesha kikao.

Wenu,
Katibu