Macho ya shofere yabaki barabarani



Juma hili tunaongea juu ya gari, hata kama wengi wetu hatuna gari. Tunapanda taxi na basi, na watoto wetu wanatembea kando ya barabara wakienda masomo. Kwa hiyo kile shofere anachofanya kwa mikono na macho yake kinatuhusu sana.

Zamani kila kazi ndani ya gari ilikuwa na kitufe chake, kile tunachoita buto: buto ya taa, ya hewa, ya redio, na kijiti cha kupangusa mvua kwenye kioo. Siku hizi magari mengi mapya yana skrini pana kama televisheni ndogo, na kazi nyingi zimehamia humo. Shofere anagusa kwa kidole kama anavyogusa simu. Jambo hili halikuanza jana: mwaka 1986 kampuni ya Buick ya Marekani ilikwisha kuweka skrini ya kugusa katika gari lake la Riviera. Lakini sasa imeenea.

Taabu iko wapi? Tumwangalie mama anayetwanga sombe. Mikono yake inajua mchi na kinu, na macho yake yanamfuata mtoto anayecheza karibu na moto. Kitufe kinafanya vilevile. Shofere anakipapasa, anasikia umbo lake, anakigeuza, na macho hayatoki barabarani. Skrini ni laini kila mahali. Kidole hakijui kimefika wapi, basi macho yanaitwa kusaidia. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, linapita karibu mita 17 kila sekunde. Kuangalia skrini sekunde mbili tu ni kwenda mita 33 bila kuona. Mtoto anayefuata mpira wake hahitaji nafasi kubwa hivyo ili agongwe.

Mwaka 2022 gazeti la magari la Vi Bilägare, la Swideni, lilipima jambo hili. Shofere walikwenda kilometa 110 kwa saa huku wakifanya kazi ndogo nne, kama kuongeza joto na kutafuta stesheni ya redio. Katika Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe, kazi zote zilikwisha kwa sekunde 10, gari likiwa limepita mita 306. Katika gari jipya lililoshindwa kuliko yote, zilichukua karibu sekunde 45, na gari lilipita mita 1,372.

Hata mahakama imeona jambo hili. Mwaka 2020, mahakama ya Karlsruhe, Ujerumani, ilikubali adhabu ya shofere wa Tesla aliyepata ajali katika mvua kubwa. Alikuwa anabadilisha mwendo wa vipangusa mvua kwenye skrini. Alilipa faini ya euro 200 na kukatazwa kuendesha mwezi mmoja.

Sasa wakubwa wanaanza kurudi nyuma. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya na kuyapa nyota, limeamua kwamba kuanzia Januari 2026 gari litapoteza pointi kama halina vitufe au vijiti vya kweli kwa kazi tano: kuonyesha upande wa kukata kona, taa za hatari, honi, kupangusa mvua, na kuita msaada wa ajali.

Tusiseme skrini yote ni mbaya. Kamera ya nyuma inamwonyesha shofere mtoto aliyesimama mahali ambapo kioo cha pembeni hakifiki. Marekani imeilazimisha kwa magari madogo yote mapya tangu Mei 2018. Skrini ya kutazama wakati gari linarudi nyuma polepole inaokoa maisha. Ile ya kuchezea wakati gari linakimbia inayahatarisha.

Kwetu gari nyingi ni za zamani na vitufe vyake bado vipo. Lakini shofere wengi wameweka simu mbele yao, na wenye pikipiki wanaishika mkononi. Simu hiyo ni skrini ileile, na hatari ni ileile. Kwa hiyo tunaweza kufanya haya:

Tukipanda, tumwombe shofere kwa heshima: «Papa, simama kwanza, ndipo ujibu simu.» Mama mmoja akisema, wengine ndani ya gari wamuunge mkono, asibaki peke yake.

Redio na hewa vitengenezwe kabla ya kuondoka. Njiani, anayekaa mbele ndiye afanye kazi hiyo.

Kikundi kinachochanga franka ili kununua gari la biashara kisidanganywe na uzuri wa skrini. Kabla ya kulipa, mwombeni shofere awashe taa, apige honi na apanguse kioo bila kuangalia chini. Ulizeni pia fundi wa hapa kwenu kama anaweza kuitengeneza skrini ikikufa, maana kitufe kimoja kikiharibika vingine vinaendelea, lakini skrini ikizimika inaweza kuzima kazi nyingi pamoja.

Na watoto tuwafundishe hivi: wasivuke kwa sababu gari liko mbali tu. Wamtazame shofere usoni kwanza. Kama macho yake yako chini, wangoje.