Ndani ya mashua za Ziwa Kivu, nguo ya kwanza iwe jile

Mtu anayejiandaa kuvuka Ziwa Kivu, kutoka Goma kwenda Bukavu ao kutoka Minova kuja Goma, huwa anauliza ndugu zake mambo mawili: ndani ya mashua watu wanakula nini, na wanavaa namna gani. Ni maswali ya kawaida ya msafiri. Lakini namna yanavyojibiwa kule bandarini inaonyesha nani anahesabiwa kuwa mtu na nani anahesabiwa kuwa mzigo. Na kuna jibu moja ambalo halitolewi mara nyingi, ijapokuwa ndilo linaloweza kumfikisha msafiri kwao akiwa hai.

Wanaojua safari hii wanajua madaraja yake. Mashua kubwa zina VIP, darasa la kwanza, la pili na la tatu. Zingine zinatembea usiku kucha, zingine nusu siku. Zile za mbio, ambazo watu wanaita kano rapidi, zinafika kwa muda wa karibu saa tatu, na bei yake si ya kila mtu. Halafu kuna mashua za mbao na za injini ndogo zinazobeba watu wa Minova, Kalehe na Idjwi pamoja na magunia ya muhogo, makaa, ndizi na mbuzi. Hapo hakuna darasa. Kila mtu anakaa pale alipopata nafasi, mara nyingi juu ya mzigo.

Tuseme kwanza juu ya chakula. Kule juu, kwenye VIP, kuna meza na viti vyenye mito. Mhudumu anapita akiuliza kama ni kuku, samaki ao viazi vya kukaanga, na kama ni soda ao bia. Chini, kwenye darasa la tatu, msafiri anakula kile alichobeba: bugali baridi na sambaza, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, mandazi aliyonunua asubuhi. Hakuna ubaya mtu mwenye pesa kununua kuku. Amelipa, ale kwa amani. Na bugali na sambaza si chakula cha aibu; kuna watu wa VIP wanaokitamani harufu yake ikipanda ngazi.

Ubaya uko kwenye maji. Mama mwenye watoto watatu, aliyetumia franka zake zote kwenye tike, hawezi kununua chupa ya maji kwa bei ya ndani ya mashua. Watoto wakilia kiu, anateremsha kikombe ziwani. Na kila mtu wa Kivu anajua maji ya ziwa yasiyotiwa dawa yanaleta nini. Kipindupindu si mgeni huku. Kimezika watu Goma, Minova, Kalehe na kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Mashua inayobeba watu usiku mzima bila ndoo moja ya maji safi yenye dawa, kwa watu wote wa chini, inafanya mchezo na maisha yao. Pipa la maji lenye bomba na dawa ya klorini halifikii hata bei ya mafuta ya safari moja. Chai ya moto ya bei nafuu nayo ingesaidia, maana ziwa hili liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya bahari, na baridi yake ya usiku inafahamika.

Tuje kwenye nguo. Mkongomani anapenda kuvaa, na dunia inamjua kwa hilo. Papa Wemba na masapeur wake walipeleka sifa hiyo hadi Ulaya. Si ajabu basi kuona baba amevaa kostimi kwenye mashua ya saa mbili asubuhi, ao mama amefunga kikwembe kipya na kitambaa cha kichwa kama anakwenda harusini. Safari ni heshima. Mtu anataka wakwe wampokee bandarini akiwa safi.

Tatizo linaanza pale nguo zinapogeuzwa kuwa tike ya pili. Familia iliyokimbia vita inafika bandarini na kambambili miguuni, godoro mgongoni, sufuria na bidoni mkononi. Wamelipa sawa na wengine wa darasa lao. Lakini wao ndio wanapigiwa kelele: sogea, shuka, usikae hapo, utachafua. Wazee wanaitwa kama watoto. Mtu wa miaka sitini, ambaye kijijini kwake hakuna anayemwita bila kusema baba ao muzee, anaambiwa na kijana wa mashua, "Weye, ondoka hapo." Hakuna sheria ya nchi hii inayosema mtu mwenye nguo chakavu ana haki ndogo ndani ya mashua. Sheria ya msafiri ni tike yake. Aliyelipa darasa la pili akae darasa la pili, hata kama shati lake lina matundu.

Hapa inafaa kuangalia namna wengine wanavyofanya. Kule Ulaya na Marekani kuna meli kubwa za matembezi, zinazobeba maelfu ya watu wanaokwenda kupumzika baharini. Chakula cha kawaida kimo ndani ya bei ya tike. Kuna ukumbi mkubwa wa kulia ambako watu wanahudumiwa mezani, na kuna sehemu nyingine ambako kila mtu anajipakulia. Jioni fulani wasafiri wanaombwa wavae vizuri: kostimi, tai, gauni refu. Asiyetaka ao asiyekuwa na nguo hizo anakwenda kule kwa kujipakulia, anakula ashibe, na hakuna anayemfukuza ndani ya meli. Kuna na vyumba vya kulia vya pekee ambavyo mwenye pesa anaongeza malipo. Maana yake, hata kule utajiri na madaraja vipo.

Lakini kuna jambo moja ambalo kule halina daraja. Kabla ya yote, mwenye tai na mwenye kambambili wote wanafundishwa jile ya kuokoa maisha iko wapi, inavaliwaje, na hatari ikitokea wakimbilie wapi. Hawakufika hapo kwa wema tu. Tarehe 13 mwezi wa kwanza mwaka 2012, meli Costa Concordia, iliyokuwa na watu zaidi ya 4,200, iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia. Ilikuwa usiku, na wasafiri wengi walikuwa mezani wanakula. Watu 32 walikufa. Kati ya wasafiri, walikuwamo waliopanda siku ile ile na hawakuwa wamefundishwa bado, maana kanuni ya wakati ule iliruhusu kungoja hadi saa 24. Baadaye kanuni ya kimataifa ilibadilishwa: mafundisho yafanyike kabla meli haijaondoka ao mara tu inapoondoka. Nguo za kulia chakula zilibaki za hiari. Jile haikuachwa kuwa ya hiari.

Kwenye Ziwa Kivu mambo yako kinyume. Nguo za mtu zinakaguliwa na macho ya watu wote, lakini jile hakuna anayeiulizia. Na si kwamba amri haikutolewa. Mwezi wa nne mwaka 2019 mashua ilizama upande wa Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu 150 hawajulikani walipo. Alifika mwenyewe kuwaona waliofiwa, na akaamuru kila msafiri wa ziwani avae jile. Miaka mitano ikapita. Tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na Kituku, Goma, watu waliosimama kwenye ufuo wakiangalia. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza siku hiyo kwamba waliokufa ni 78 na waliokuwa ndani ni 278; hesabu za viongozi zilibadilika baadaye. Kwa familia zilizopoteza mama ao mtoto, hesabu haikubadilika.

Watu wale hawakupanda Merdi kwa kupenda matembezi. Barabara ya kutoka Goma kupitia Sake kwenda Minova ilikuwa imefungwa na vita tangu mwanzo wa mwaka ule. Ziwa likawa barabara. Wafanyabiashara wakahamishia mizigo majini, familia za kambini zikafuata njia hiyo hiyo kutafuta chakula na ndugu, na mashua zikajazwa kupita uwezo wake. Ndiyo maana swali la jile ni swali la wakimbizi wa ndani kuliko la mtu mwingine yeyote. Mwenye pesa anachagua kano rapidi. Asiye na pesa anapanda kile kilichopo.

Wenye mashua wana majibu yao, na haifai kuyadharau. Wanasema jile ni ghali na zinaibiwa. Wanasema kodi na vizuizi vya bandarini vimekuwa vingi, na faida imekuwa ndogo. Ni kweli kwamba vita vimewabana nao. Lakini jile inaweza kuandikwa namba, ikatolewa mtu anapoonyesha tike, na ikarudishwa kabla hajashuka, sawa na chupa za bia zinavyorudishwa. Muuzaji wa bia hapotezi chupa zake. Na yule anayelipisha kodi bandarini, awe nani na awe wa upande gani, asipoweza kuhakikisha kwamba mashua imeondoka na jile za kutosha na watu wasiozidi kipimo, basi anachukua pesa ya kazi asiyoifanya.

Wasafiri nao wana majibu yao. Jile inanuka. Inakunja kostimi. Inaficha kikwembe kipya. Mwanamke aliyesuka jana hataki kitu kinachogusa shingo. Wengine wanasema kuvaa jile ni kuita mkosi, ao ni kuonyesha kwamba mtu hana imani. Lakini anayefunga mlango usiku haiti mwizi. Na hakuna mkwe atakayemcheka bwana harusi kwa kuwa kostimi yake imekunjamana, atamlilia asipofika.

Kwa hiyo, kama kuna mtu anayeuliza avae nini ndani ya mashua, jibu ni hili. Avae nguo ya joto ndani, sweta ao koti jepesi, halafu jile juu ya vyote, mikanda imefungwa hadi mwisho. Jile iliyokaliwa kama mto haimsaidii mtu maji yakiingia. Kikwembe kisifungwe juu yake. Viatu viwe vyepesi kuvuliwa. Mama mwenye mtoto mgongoni amteremshe na kumpakata mbele, maana akiwa mgongoni jile ya mama haifungiki vizuri. Na mtoto apewe jile ya kipimo chake, si ya mtu mkubwa inayomtoka kichwani. Pesa, simu na karatasi za kitambulisho zifungwe kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa mwilini, maana kwa mtu aliyekimbia, kupoteza karata ya uchaguzi ni kuanza maisha upya.

Na anayeuliza ale nini, abebe chakula kisichoharibika upesi: mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga, ndizi, mandazi. Sombe na maharagi ya jana havifai safari ya usiku. Abebe maji yaliyochemshwa, zaidi ya yale anayofikiri yatatosha, na sabuni kidogo ya mikono.

Hayo ni ya msafiri. Lakini mzigo mkubwa si wake. Wenye mashua waweke pipa la maji safi chini, si kwenye VIP peke yake. Wawakataze vijana wao kutukana wazee na kufukuza watu kwa ajili ya nguo zao. Wanaosimamia bandari wasiruhusu mashua kuondoka kama kuna mtu mmoja asiye na jile, na wasihesabu watu kwa kukadiria kwa macho. Makanisa, vyama vya akina mama na radio za ziwani wasirudie mambo haya siku za maombolezo tu. Wayaseme kila siku ya soko, wakati watu wanapopanda.

Madaraja ya chakula yatabaki, kwa sababu mifuko ya watu hailingani. Anayeweza kula kuku ataendelea kula kuku, na anayekula bugali baridi ataendelea kula bugali. Lakini maji ya Ziwa Kivu hayasomi tike ya mtu. Mwenye mashua anayepokea franka za mkimbizi kwa mkono ule ule anaopokea dola za tajiri, awape wote wawili jile ile ile.