Kuungama Si Kulipa

Kuna kinyozi hapa Dundori, karibu na stage ya magari ya Nakuru, ambapo Jumamosi jioni huwa tunasoma vitabu. Msidhani ni klabu ya maana. Ni watu sita, viti vitatu, jiko la makaa kwa sababu baridi ya huku haina adabu, na nakala moja ya kitabu inayozungushwa mpaka kurasa zinaanza kutoka. Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki Mei 28, 2025, tulikubaliana kusoma A Grain of Wheat, riwaya yake ya 1967. Tulidhani ni kazi ya wiki tatu. Imetuchukua miezi, na tumegombana. Mwalimu wa BOM na fundi wa simu walikaa wiki mbili bila kusalimiana kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kuzaliwa.

Mtu huyo ni Mugo.

Kama ulisoma zamani ukasahau, wacha nikukumbushe. Mugo ni yatima, amelelewa na shangazi mlevi, na kitu anachotaka duniani ni kuachwa alime shamba lake. Usiku mmoja Kihika, mpiganaji wa msituni aliyetoka kumuua afisa wa wilaya, anaingia kwenye kibanda chake na kumtaka aanzishe mtandao wa siri kijijini. Mugo anaogopa, anakasirika, anaona bango la zawadi, na anaenda kwa Mzungu kumsema. Kihika ananyongwa. Baadaye Mugo anapigwa na kufungwa kambini kwa kumtetea mwanamke kwenye handaki, na akirudi kijiji kizima kinamwona shujaa. Uhuru unakuja Desemba 12, 1963, na wazee wanamtaka ahutubu kwa heshima ya Kihika. Wakati huohuo watu wa msituni wameshamteua msaliti wao: ni Karanja, aliyekuwa ngati kisha akawa chifu, na siku hiyohiyo ya sherehe atatajwa. Mugo anasimama mbele ya watu wote na kusema ni mimi.

Mwalimu wetu wa BOM, mtu ninayemheshimu sana, anasema hapo Mugo alikombolewa. Alisema ukweli, ukweli ukamweka huru, basi. Fundi wa simu anasema msaliti ni msaliti, na Kihika hakufufuka kwa sababu mtu fulani alipata ujasiri miaka ikiwa imeshapita. Wengine wetu tulikuwa katikati tukila mandazi.

Mimi ninakuja hapa kupinga mwalimu. Fundi naye ana makosa yake, lakini makosa yake hayana madhara mengi. Watu wanaomlaani Mugo ni wachache na hawana nguvu. Wanaompa taji ni wengi, wako kila mahali, na wengine wana vipaza sauti.

Tuanze na swali dogo. Mama yake Kihika alipata nini siku ile? Alijua nani alimuua mwanawe, sawa. Hilo ni jambo, silidharau, maana kuna familia nyingi nchini hazijui hadi leo. Lakini machozi ya Mugo hayakumrudishia mtoto wala hayakumlimia shamba. Ukisema mtu amekombolewa, lazima useme amekombolewa kwa nani. Kwa nafsi yake? Hiyo ni biashara kati yake na usingizi wake. Kwa Mungu? Mwachie Mungu. Kwa waliokosewa? Hapo ndipo lazima uende kuwauliza wao, na sisi wasomaji huwa hatuendi. Tunasoma ukurasa, tunasisimka, tunamsamehe mtu kwa niaba ya wengine. Ni rahisi sana kusamehe deni ambalo hudai.

Na bado nasema Mugo alifanya jambo kubwa. Kosa la mwalimu ni kulitafuta mahali pasipo lake. Anaangalia kinywa cha Mugo, na mimi nataka tuangalie shingo ya Karanja. Kulikuwa na mtu ambaye angebebeshwa mauaji ambayo hakuyafanya. Karanja si malaika, aliwatesa watu wake, mimi mwenyewe simpendi. Lakini Kihika hakusalitiwa naye. Mugo angeweza kunyamaza. Angeweza hata kuhutubu akapigiwa makofi, na Gikonyo, akiwa amelazwa hospitalini, analiona hilo vizuri: heshima yote ilikuwa inamngoja huyu mtu, na aliitupa. Aliondoa kitanzi kwenye shingo ya mtu asiyependwa na yeyote akakivaa mwenyewe. Kisha akaenda nyumbani kungoja. Hakuomba kueleweka wala hakusema "kama kuna niliyemkosea". Jenerali R. na Koina walipomjia, hakuna mahali alipojificha.

Nimeweka hilo neno "kama" makusudi.

Siku ileile Ngũgĩ aliyofariki, Mei 28, 2025, Rais William Ruto alikuwa kwenye maombi ya kitaifa jijini Nairobi, na hapo akaomba radhi kwa vijana kama palikuwa na mahali walipokosewa. Kama. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu wasiopungua 60 waliouawa kwenye maandamano ya 2024. Sitini si "kama". Mwezi uliofuata, Juni 25, vijana walirudi barabarani kuwakumbuka waliokufa, na wengine wakapigwa risasi wakafa. Mnaona tatizo langu? Ukumbi ulikuwa na waimbaji, wageni, na amina nyingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuvua kitu chochote alichokuwa amekivaa.

Si yeye peke yake, na si wa kwanza. Machi 26, 2015, Rais Uhuru Kenyatta alisimama bungeni akaomba msamaha kwa niaba ya serikali zote zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano alikuwa nayo tangu Mei 2013. Huku Nakuru waliochomewa nyumba 2007 na 2008 tunawajua kwa majina, tunapanda nao matatu za Lanet. Waulize kuhusu hizo bilioni. Ukipata anayecheka, bahati yako, kwa sababu wengine wanalia.

Na Waingereza, ambao ndio walioweka vitanzi kwenye stori hii yote? Juni 6, 2013, William Hague alisimama kwenye bunge la London akasema serikali yake inasikitika kwa mateso ya wakati wa Mau Mau. Wazee 5,228 walilipwa, jumla ya mpango mzima pauni milioni 19.9. Lakini walikuwa makini sana: kusikitika, ndiyo, kukubali dhima kisheria, hapana. Mfalme Charles alikuja 2023 akasema hakuna udhuru kwa yaliyotendwa, kisha akapanda ndege. Sasa angalau hao walitoa pesa. Nikiwa mkali nitasema walilipa bila kuungama, na wetu wanaungama bila kulipa, na Mugo, yatima wa kitabuni asiye na shilingi, aliwashinda wote.

Kuna mtu atasema ninachanganya siasa na fasihi. Ngũgĩ aliichanganya kabla yangu. (Riwaya hii aliiandika akiwa Leeds, Uingereza, kwenye shahada ambayo hakuimaliza. Huwa nataja hilo kila nikiulizwa nyumbani kwa nini niliacha chuo mwaka wa pili. Haijawahi kunisaidia.)

Lakini sababu yangu ya kweli haiko Nairobi. Iko hapa, nyuma ya zizi.

Guka wangu alikuwa ngati. Hatukuambiwa, tulikua tu tukijua, vile unajua ni kikombe kipi nyumbani hakiguswi. Baadaye aliokoka, akahamia huku, akapata shamba, akapanda waru na kabeji kama watu wengine. Kila Jumapili nilipokuwa mdogo alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Nilikuwa mwenye dhambi kubwa, alikuwa akisema, na sauti ilikatika palepale kila wiki, na watu waliimba. Nilimpenda sana. Nilikuwa nalia nikimwona analia. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kwenye ushuhuda ule hakukuwa na jina la mtu hata mmoja. Hakuna mahali, hakuna mwaka, hakuna aliyefanyiwa. Ilikuwa dhambi isiyo na mwenyewe upande wa pili.

Na upande wa pili upo. Kuna mzee ng'ambo ya mto, bado hai, ambaye baba yake hakurudi. Yeye na guka waliishi kwenye ukingo huu mmoja miongo mingi wakisalimiana kwa kichwa. Guka alizikwa 2016 na mzee yule alikuja, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla ya chakula. Sijui ni nini hasa kilitokea kati ya familia zetu. Ndiyo maana yangu: waliokuwa wanajua walikuwa na Jumapili zaidi ya elfu moja za kusema.

Kwa hiyo mwalimu akiniambia kwamba kuungama kunatosha, mimi sisikii Mugo. Nasikia ile sauti ya guka ikikatika mahali palepale.

Kuna jambo jingine ambalo hatukulimaliza kinyozini, na linatuhusu sisi vijana kuliko tunavyopenda. Mugo hakumsaliti Kihika kwa sababu alipenda wakoloni. Alitaka kuachwa. Yeye na shamba lake, kazi yake, asisumbuliwe. Si hiyo ndiyo sala yetu? Mimi siasa sitaki, wacha nifanye hustle yangu. Fundi wa simu, ambaye anamlaani Mugo kila wiki, Juni 2024 alifunga duka akazima simu akalala siku mbili, na simlaumu, ana mtoto mdogo. Mimi mwenyewe nilienda mjini Nakuru nikafika mataa ya kwanza, nikaona moshi, nikarudi. Tofauti yetu na Mugo ni kwamba hakuna aliyetugongea mlango usiku akiwa na damu mikononi. Hatujajaribiwa. Ndiyo maana simkubali fundi akisema yeye asingemsema Kihika. Hajui. Mtu anayedai anajua ndiye ningemwogopa.

Na waliomhukumu Mugo nao hawakuwa na mikono safi. Mchungaji Jackson aliuawa na watu wa msitu uleule. Mumbi, dada wa marehemu, ndiye mwenye haki kuliko wote ya kudai damu, na ndiye aliyekuwa hataki mtu mwingine adhurike kwa ajili ya kaka yake. Hakuna aliyemsikiliza. Mugo alichukuliwa, na wazee waliobaki kijijini walikaa wakihisi kuna kitu kimeharibika siku ile ya furaha, wasijue wakiite nini. Walipata ukweli wakautendea kama mwizi. Nani tena angesimama baada ya hapo? Ukitaka kujua kwa nini guka hakutaja majina, labda jibu moja liko kwenye ukurasa huo. Ninalitaja kwa shingo upande, kwa sababu linamsaidia zaidi ya ninavyotaka asaidiwe.

Wiki jana nilimsimulia cucu kitabu chote, tukimenya waru, kwa Kikuyu changu kibovu. Alisikiliza kimya. Nilipofika mahali Mugo anasimama mbele ya watu, akaacha kisu kidogo, kisha akaendelea. Nikamaliza. Nikangoja aseme kitu kuhusu Mugo.

"Na huyo Karanja," akauliza, "alirudi kwao akaishi na nani?"

Nikamwambia kitabu kinamwacha njiani, karibu na reli, treni ikipita.

Akasema nimwongezee maji kwenye beseni.