Fizikia ya Eldoret isiyongoja mitambo ghali

MWAKA wa 2012, Chepkoilel, iliyokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Moi, ilikuwa mwenyeji wa wanafizikia kutoka pembe mbalimbali za Afrika. Walikuja kujifunza jinsi ya kukokotoa tabia za elektroni ndani ya vitu kwa kutumia tarakilishi. Mafunzo hayo yalikuwa yameanzia Cape Town mwaka wa 2010. Mwaka wa 2013, Chepkoilel ilipewa hati na kuwa Chuo Kikuu cha Eldoret.

Wahadhiri wa huko, wakiwemo Nicholas Makau na George Amolo, walikuwa tayari wakiishughulikia fizikia hiyo. Uteuzi wao ulikuwa wa busara. Maabara ya kutengeneza fuwele na kuzipima kwa mionzi hugharimu mamilioni ya shilingi, ilhali programu ya Quantum ESPRESSO, inayotumiwa na watafiti kote duniani, hailipiwi hata senti. Msingi wake ni nadharia ambayo Walter Kohn na wenzake waliiasisi mwaka wa 1964 na 1965, na ambayo ilimpa Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 1998. Mtafiti akijua aina ya atomu na mpangilio wake, aweza kukadiria ugumu wa kitu, au iwapo kitafaa kunasa nishati ya jua, kabla ya yeyote kukitengeneza.

Hapa ndipo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapopata nafasi. Hesabu ya fuwele ya silikoni huchukua dakika chache tu katika tarakilishi ya kawaida. Mwanafunzi hubadilisha umbali kati ya atomu na kuona nishati ikishuka hadi pale fuwele inapotulia. Akishalipata jibu linalojulikana, anaweza kuhamia kwenye kitu ambacho hakijachunguzwa sana. Hilo ni tofauti kabisa na kuning'iniza kengele ya saa kwenye uzi na kunakili matokeo ya waliotangulia, kama wengi wetu tulivyofanya.

Lakini programu haikatai swali bovu. Itatoa tarakimu, tena nyingi, hata pale mwanafunzi amekosea tangu mwanzo. Anayeweza kulitambua kosa hilo ni mhadhiri, na muda wake ndio ulio adimu kuliko mtambo wowote. Oktoba 2024, Chuo Kikuu cha Moi kilifungwa kufuatia mgomo. Mwaka wa 2025, mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma uliendelea kwa wiki saba, kuanzia Septemba hadi Novemba. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, wiki saba ni sehemu kubwa ya muda wote wa mradi wake.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye hazina ya utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Hata hivyo, miradi ya shahada ya kwanza haihitaji mabilioni hayo. Inahitaji umeme usiokatika usiku, intaneti, tarakilishi chache, na saa za usimamizi zinazohesabiwa kuwa kazi halisi mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo.