Mtoto anayetaka fani mbili



Kijana wa Palma au Mocímboa da Praia akisema, "Ustadhi, nataka udaktari, lakini uhandisi nao naupenda," wengi humkemea achague moja. Mimi sioni kosa. Kosa ni kuingia mzunguko wa pili wa sekondari bila kujua kila fani ina mtihani gani wa kuingilia chuo. Udaktari hutaka Biolojia na Kemia, uhandisi Hisabati na Fizikia. Yote manne yamo mchepuo wa sayansi. Akifuata marafiki kwenye mchepuo mwingine, fani zote mbili zaweza kumpita.

Tazameni na mahali. Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoanzishwa 2006, kinasomesha uhandisi Pemba, udaktari Nampula. Nauli na pa kulala ni hesabu pia, wallahi.

Na ninyi mliohamishwa na vita tangu 2017, au Palma iliposhambuliwa Machi 2021: mtoto anayehamia shule nyingine aweza kupewa mchepuo wenye nafasi, si aliokuwa akiusoma. Mzazi, usikubali upesi. Ulizia kwanza shule ya pili, na karatasi zake za matokeo uziweke pamoja na kitambulisho, mfuko mmoja, tayari kubebwa.